Taa Chini ya Pishi: Uhakiki wa Lugha ya Ushuhuda wa Kikristo Lodwar

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchunguza tenzi, riwaya na tamthilia, na kuyaacha mahubiri na ushuhuda wa kanisani mikononi mwa wanateolojia. Mgawanyo huu wa kazi hauna msingi. Kwa watu wengi wa bara, hasa katika sehemu ambazo Kiswahili si lugha ya nyumbani, Kiswahili cha kwanza chenye mpangilio wa kisanaa, yaani chenye tamathali, takriri na masimulizi yenye shabaha, kilikuwa ni kile kilichosikika kanisani. Mchungaji wa mifugo wa Kiturkana aliyefika Lodwar mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakukutana kwanza na Shaaban Robert wala Mathias Mnyampala. Alikutana na sauti ya askari akitoa amri, kisha na sauti ya katekista akifasiri Injili. Sauti ya kwanza haihitaji mhakiki. Ya pili inamhitaji, kwa sababu ilimwambia jambo zito kwa kutumia maneno yaliyotengenezewa mahali pengine.

Jambo lenyewe ni hili: kwamba Mkristo hatakiwi kuamini tu, bali anatakiwa kuishi hivyo anavyoamini hata watu wengine, walio nje ya kundi lake, wabadilike kwa kumwona. Fundisho hili limejengwa hasa juu ya aya chache za sura ya tano ya Injili ya Mathayo, penye mifano ya chumvi, mji mlimani na taa. Hakuna mahubiri juu ya mwenendo mwema yasiyopita hapo. Dai la makala haya ni kwamba mifano hiyo, kama ilivyozoeleka kufasiriwa kwa Kiswahili, imeegemezwa mno upande wa kutoa, na kwamba katika nchi ambayo kanisa liliingia pamoja na chakula cha njaa, ufasiri huo unaificha taa badala ya kuiinua.

Ni vema kuanza na msamiati. Mhubiri wa leo anapotaka kusema kwamba Mkristo awavute wengine kwa maisha yake, maneno yanayomjia upesi ni mawili: ushawishi na athari. Yote mawili yana kasoro. Kushawishi, kwa mazoea ya lugha, ni kumvuta mtu kwa hila au kwa utamu hadi atende lile ambalo peke yake asingelitenda. Nyoka wa bustanini alishawishi, na mchuuzi hushawishi. Athari nayo huelekea kwenye madhara: husemwa athari za ukame, athari za ulevi, na mwenye kusikia neno hilo peke yake hungojea habari mbaya. Kuongeza kivumishi, kama vile katika “ushawishi mwema” au “athari nzuri”, ni kukiri kwamba jina lenyewe halikutosha. Kiswahili hakijapata neno lisilo na doa la kumtaja mtu anayembadilisha mwenzake bila kumshika mkono, na huenda upungufu huo ni wa hekima: wasemaji wa lugha hii hawakuwaamini sana watu wa namna hiyo.

Wafasiri wa Biblia walifanya kazi nzuri zaidi. Katika nyaraka walitumia neno kielelezo, ambalo shina lake ni lile la kuelea, yaani jambo kueleweka na kuwa wazi. Kielelezo si mtu anayekuvuta. Ni mtu ambaye kwake jambo linakuelea. Na katika aya ya chumvi walitumia kitenzi kukolea, ambacho ni johari. Husemwa kwamba chumvi imekolea, na husemwa pia kwamba mchuzi umekolea, na kitenzi ni kile kile. Kinachotia na kinachotiwa vyashiriki tendo moja, na tendo hilo likishatimia, chumvi haionekani tena. Tena rangi hukolea, moto hukolea, mazungumzo hukolea. Hapana bwana wala mtumwa katika neno hilo. Laiti wahubiri wangelikaa nalo kwa muda kabla ya kukimbilia ushawishi!

Lodwar chumvi si jambo geni. Ziwa lililo mashariki yake ni la maji ya magadi. Wafugaji hujua thamani ya malisho yenye chumvi kwa mifugo yao. Na kandokando ya ziwa, Kalokol, samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa. Kwa hiyo mfano wa chumvi hauhitaji mkalimani mkubwa, ijapokuwa mtu wa Kalokol huenda akausikia kwa maana ya kuzuia uozo kabla ya maana ya ladha. Taabu huanzia kwenye taa.

Tafsiri ya muungano ya mwaka 1952, ile inayojulikana kama Union Version, ambayo ilikuja baada ya Biblia ya Unguja ya 1891, ya Mombasa ya 1914 na ya Roehl ya 1937, yasema kwamba taa haiwekwi chini ya pishi bali juu ya kiango. Maneno haya mawili ni ya pwani kabisa. Kiango ni kitegemezo cha taa, na chadhani nyumba yenye ukuta na watu wanaokaa humo usiku baada ya usiku. Pishi ni kipimo cha nafaka, sawa na vibaba vinne. Nyumba ya mfugaji wa Kiturkana, iliyoviringwa kwa fito na kuezekwa kwa majani ya mikoma au kwa ngozi, haina mahali pa kiango. Na mfugaji anayeishi kwa maziwa, damu na nyama hana haja ya kipimo cha nafaka. Mwangaza wa boma lake ni moto, na moto haufunikwi kwa chombo isipokuwa kwa kuuzima.

Wenye kusoma Kigiriki watajibu kwamba mfasiri hakukosea. Neno la asili ni modios, ambalo nalo ni kipimo cha nafaka, cha Kirumi, chenye ujazo wa lita 8 na ushei. Jibu hilo ni sahihi, na ndilo linalofungua suala lenyewe. Wafafanuzi wengi hukipita chombo hiki kana kwamba kilitajwa kwa bahati tu, kana kwamba chochote chenye tumbo kingefaa. Lakini kwa Mwislamu wa pwani pishi si chombo chochote. Ni kipimo anachotumia mwisho wa Ramadhani kutolea zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa nyumbani mwake, kumpa maskini. Mfasiri aliyelichagua neno hilo aliitia taa ya Injili chini ya kipimo cha sadaka, na haielekei kwamba alikusudia.

Halafu ikaja Biblia Habari Njema, na pishi likaondoka, likaja debe. Yafaa kukubali kwamba neno hili ni jepesi zaidi kwa msomaji wa bara, na pia kwamba limechukua mzigo mwingine. Debe ni bati la lita 20 hivi ambalo Afrika Mashariki nzima imepimia mafuta ya taa, maji, mahindi na maharage. Ni kipimo cha soko na cha posho. Debe, tena, ni lile ambalo methali yasema kwamba likiwa tupu haliachi kutika. Msikilizaji wa Lodwar aliyekosa picha kabisa aliposikia pishi, aliposikia debe aliipata mara moja. Aliliona debe. Alikuwa amepanga foleni mbele yake.

Hapa historia yahitajika kidogo. Serikali ya kikoloni iliifunga Turkana. Kwa sheria za wilaya za pembezoni, mtu hakuingia wala kutoka pasipo kibali, na misheni hazikuruhusiwa kuweka makao. Lodwar ilifaa kwa jambo jingine: Jomo Kenyatta aliwekwa huko kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, baada ya miaka ya kifungo Lokitaung, na kwa muda mrefu baada ya uhuru mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko alihesabu kwamba ameadhibiwa. Hata leo si ajabu kumsikia msafiri wa huko akisema kwamba “anakwenda Kenya” anaposhuka kusini. Mlango ulifunguliwa na njaa. Ukame wa 1960 na 1961 uliua mifugo kwa kiasi ambacho serikali haikuweza kukimudu peke yake, na ndipo mapadri wa shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland, na kwa upande wa Waprotestanti watu wa Africa Inland Mission, wakapata nafasi ya kukaa. Mwaka 1968 Lodwar ikawa eneo la kanisa lenye msimamizi wake, John Mahon. Mwaka 1978 ikawa jimbo kamili, yeye akiwa askofu wa kwanza, hadi mwaka 2000. Katikati ya muda huo ikaja njaa ya 1979 hadi 1981, ambayo Waturkana waliiita Lopiar, iliyofagia, na makambi ya chakula yakajaa upya.

Kwa hiyo katika Turkana kanisa na kipimo cha chakula viliingia kwa mlango mmoja na katika mwaka mmoja. Jambo hili si la kulaumu. Mtu mwenye njaa hahitaji uhakiki, na waraka wa Yakobo umekwisha kumjibu yeyote anayemuaga ndugu mwenye njaa kwa maneno matamu. Watu waliopimiwa unga Lodwar walikufa wachache kuliko ambavyo wangelikufa. Lakini mhakiki wa lugha ana swali lake, nalo ni hili: mtu aliyepimiwa unga asubuhi na kuhubiriwa mchana, amesikia maneno mangapi? Je, ameona tendo jema lililomwonyesha Baba wa mbinguni, kama aya ile inavyotaka, au ameona debe tu?

Kuna ushahidi wa kulinganisha kutoka upande wa pili wa mpaka. Vincent Donovan, padri Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi miongoni mwa Wamasai wa Loliondo, Tanzania, alimwandikia askofu wake barua mwaka 1966 kueleza hali ya misheni yake. Ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali, gari lake lilikuwa likichukua wagonjwa, uhusiano na wazee ulikuwa wa wema. Wakristo Wamasai waliotokana na hayo yote hawakuwepo. Watu walipokea huduma na hawakuuliza lolote juu ya imani ya mwenye kuzitoa. Donovan akaamua kuacha majengo na kwenda bomani kuzungumza nao juu ya Mungu waziwazi, na habari hizo akaziandika katika kitabu chake cha 1978. Kitabu hicho kimesomwa sana kama ushindi wa neno juu ya tendo. Usomaji huo ni wa haraka. Donovan alipofika bomani bila hospitali mgongoni alikuwa, kwa mara ya kwanza, mgeni anayehitaji kukaribishwa: kivuli, maziwa na masikio vilikuwa vya wenyeji, na wao walikuwa na uhuru wa kumnyima. Kilichobadilika si kwamba alianza kusema. Ni kwamba aliacha kuwa mtoaji peke yake.

Nukta hii ndiyo yenye uzito kwa Lodwar, na lugha ya Kiturkana inaieleza waziwazi kuliko teolojia. Katika Kiturkana neno emoit ni mgeni na ni adui. Mtu wa nje ni wote wawili hadi itokee njia ya kumtoa humo. Njia hiyo ni ipi? P. H. Gulliver, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1955 juu ya Wajie na Waturkana, alionyesha kwamba mwanamume wa Kiturkana amezungukwa na marafiki wa mifugo, watu anaowaomba mnyama na wanaomwomba mnyama, kila mmoja kwa zamu yake, na kwamba pasipo kuombana huko hapana urafiki. Wageni, na wahubiri wa kutoka kusini si wa mwisho miongoni mwao, wamelalamika tangu zamani kwamba Waturkana huomba mno: tumbaku, shanga, shati ulilovaa. Hawakutambua kwamba walikuwa wakiombwa urafiki. Na zaidi ya hayo, hawakutambua kwamba sehemu iliyobaki ya mazungumzo ilikuwa yao, nao waliinyamazia: walitakiwa kuomba na wao.

Kitenzi akilip cha Kiturkana ni kuomba kitu kwa mtu na ni kuomba kwa Akuj, Mungu, aliye upande wa mbingu na mvua. Kiswahili chafanya vivyo hivyo. Kuomba ni sala, na kuomba ni kunyosha mkono. Ajabu ni kwamba Kiswahili cha kanisani kimekaza maana hizi mbili zitengane. Mkristo huomba kwa Mungu. Mwenye njaa huomba kwa Mkristo. Huyo wa kwanza haombi kwa huyo wa pili. Katika mpangilio huo taa inaangaza upande mmoja tu, na mwenye kuangaziwa anabaki mtu wa foleni. Kwa macho ya Mturkana, misheni isiyomwomba lolote imebaki emoit, hata kama ni emoit mwenye huruma.

Okot p'Bitek aliwahi kuonyesha jambo la namna hiyo kwa Waacholi. Wamisionari walipouliza ni nani aliyewafinyanga watu, walijibiwa Rubanga, pepo ambaye huvunja migongo, na jina hilo likawa jina la Mungu wa Wakristo. Kosa hilo lilitokana na watu wenye haraka ya kutoa jibu walilokuwa nalo tayari. Lodwar, kwa bahati njema, Akuj alibaki Akuj. Lakini kosa la haraka laweza kuingia bila kugusa jina lolote.

Sasa yafaa kutazama umbo la kisanaa linalotumika zaidi, yaani ushuhuda. Umbo hili lilienea Afrika Mashariki kwa nguvu ya uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda, Kenya na Tanganyika, na leo makanisa ya Lodwar na Kakuma yanalitumia, ya Kiprotestanti zaidi kuliko ya Kikatoliki. Lina sehemu zake zinazojulikana: salamu kwa jina la Bwana, maisha ya giza, tukio la kugeuka, maisha mapya, na mwaliko. Kama fani ya fasihi simulizi lina nguvu, na lingestahili kuandikiwa tasnifu. Ila lina kasoro moja ambayo sarufi yenyewe inaifichua. Nafsi yake ni ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Mahakamani shahidi ni yule anayesema aliyoyaona kwa mwingine. Anayejisemea habari zake mwenyewe ni mshtakiwa. Kiswahili kimetenganisha ushahidi wa mahakamani na ushuhuda wa kanisani, ingawa shina ni moja, na huenda kimetenganisha kwa sababu kilihisi kwamba hivi si kitu kimoja. Katika aya ya taa, mwenye taa hasemi neno lolote. Wanaosema ni wale waliomo nyumbani.

Kwa jamii kama ya Waturkana tofauti hii si ndogo. Huko mtu hujulikana kwa anavyotajwa. Mwanamume hupata jina kutokana na maksai wake ampendaye, rangi yake au mkao wa pembe zake, na jina hilo huwa na uhai kwa sababu wengine wanaliita na kuliimba pamoja naye. Mtu anayesimama mbele ya watu na kujitaja wema wake mpya hutoa kauli ambayo bado haijathibitishwa. Wasikilizaji humpigia makofi, kwa adabu, na kungoja. Wanangoja nini? Wanangoja ukame ujao.

Ndiyo maana mtu wa maana kuliko wote katika ushuhuda wa Lodwar si mhubiri bali katekista, na inasikitisha kwamba maandishi ya Kiswahili hayajampa nafasi yoyote ya maana. Riwaya zetu zimejaa mapadri na wachungaji ambao maneno yao na matendo yao hayaonani, na Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika, mwaka 1971, aliyafungua malezi ya Kikristo kwa ukali ambao haujasahauliwa. Katekista hayumo. Yeye ni mwenyeji. Mbuzi wake hunywa kwenye kisima kimoja na mbuzi wa wanaomsikiliza. Madeni yake yajulikana, na ikiwa amempiga mkewe, boma zima lilisikia. Anapofasiri kutoka Kiswahili cha padri kwenda Kiturkana, hawezi kukwepa kuchagua: pishi atalifanya nini? Akisema chombo cha maziwa, amesema kwamba taa inazimwa na utajiri. Akisema debe, amesema kwamba inazimwa na msaada. Kila Jumapili mtu asiyehesabiwa kuwa mwandishi anafanya uamuzi wa kifasihi ambao kamati za wafasiri hujadili kwa miezi, na anaufanya mbele ya watu wanaoweza kumpima kwa maisha yake.

Wapo pia wageni waliolielewa jambo hili kwa njia ambayo wanaisimu wataitambua mara moja. Mwaka 1988 ilitoka kamusi ya Kiingereza na Kiturkana ya padri Anthony Barrett, na mwaka 1990 ikafuata ile ya Kiturkana na Kiingereza. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Gerrit Dimmendaal alikuwa amechapisha sarufi yake ya Kiturkana, ambayo ni kazi ya mtaalamu na inasimama peke yake. Kamusi za Barrett ni za aina nyingine. Ni za mtu aliyekwenda kutoa na akakaa akipokea. Hakuna kamusi inayoandikwa kwa kugawa. Mwandishi wa kamusi ni mwombaji kwa kazi yake: anauliza jina la mti, anacheka anapochekwa, anarudi kesho yake kuuliza tena kwa kuwa alikosea toni. Katika uhusiano huo Mturkana ndiye mwenye ghala, naye ndiye anayepima. Padri akiomba neno, naye akapewa, kile ambacho Gulliver alikiona kati ya marafiki wa mifugo kimeanza kutokea kati ya mwenyeji na mgeni, hata kama hapana mbuzi aliyebadilishana mikono.

Mfano wa mbali zaidi wathibitisha. Charles de Foucauld, Mfaransa aliyeishi Tamanrasset, katikati ya Sahara, miongoni mwa Watuareg hadi alipouawa mwaka 1916, hakupata waongofu wa kuhesabika. Alichoacha ni kamusi kubwa ya lugha yao, iliyochapishwa kwa juzuu nne miaka zaidi ya thelathini baada ya kifo chake, pamoja na mashairi yao aliyoyakusanya. Kanisa lake lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022. Wapo watakaosema kwamba kamusi ilikuwa kazi ya pembeni na sala ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mtu wa lugha ana haki ya kuona vinginevyo: kwamba katika jangwa lile hapakuwa na namna nyingine ya kusema kwa vitendo “ninakuhitaji”, na kwamba mwenye kuambiwa hivyo na mgeni amekwisha kuona kitu cha dini ya mgeni huyo.

Itajibiwa kwamba hoja hii ni anasa ya wasomi. Kwamba visima, zahanati na shule za misheni zimewafaa Waturkana kuliko kamusi zote. Ni kweli, na hakuna anayependekeza kwamba pampu ya maji ing'olewe ili mahali pake pawekwe msamiati. Lakini kisima nacho hakikosi lugha yake. Kinachochimbwa baada ya wazee kuulizwa maji yalikuwa wapi zamani, na mifugo ya nani hupita wapi, kimechimbwa kwa kuomba. Kinachoshushwa kutoka ofisini, na bamba la jina la mfadhili, ni debe, hata kama maji yake ni matamu. Askofu aliyekaa miaka 32 kati ya eneo na jimbo alihubiri kwa kukaa huko kuliko kwa bamba lolote. Na katika miaka ya karibuni, sanamu ya Kristo mwenye mikono iliyonyoshwa imewekwa juu ya kilima mjini Lodwar, ikionekana kutoka mbali. Mji wenyewe uko chini, bondeni kando ya mto Turkwel. Mji ulio juu ya mlima, katika habari hii, bado unatafutwa.

Jaribio kali zaidi liko Kakuma, safari ya saa chache kaskazini magharibi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliofika kwa miguu, na baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2016 ikaongezwa makazi ya Kalobeyei. Hapo debe limetawala kwa maana halisi kabisa. Maisha yalipangwa kwa kadi na kipimo, na makopo ya mafuta ya msaada yalipasuliwa, yakanyoshwa, yakawa milango na mapaa ya nyumba. Waturkana wa jirani, wenye njaa ile ile na wasio na kadi, wakawa wanatazama mgeni akipimiwa katika nchi yao. Haishangazi kwamba pamekuwa na uhasama na damu.

Lakini Kakuma imezaa jambo ambalo Lodwar ya 1961 isingeweza kulizaa: makanisa ya watu wasio na chochote cha kugawa. Mchungaji mkimbizi naye yumo kwenye foleni. Kiswahili chake, kama ni Mkongo, si cha pwani wala si cha Nairobi; pishi hajalisikia, na kiango hata kidogo. Kwaya yake inaimba chini ya bati la kopo. Akimhubiria jirani yake Mnuer au Mturkana kwamba ni lazima mtu aishi imani yake, hana unga wa kuisaidia kauli hiyo, na msikilizaji hana sababu ya tumbo ya kukubali. Mwanamke wa Kiturkana anayekuja kambini kuuza kuni na makaa anamjua kwa jambo moja tu, kwamba analipa alichoahidi au halipi, kwamba anampa kivuli na maji au anamfukuza. Biashara hiyo ndogo ina kuombana ndani yake, kwani mkimbizi anazihitaji kuni na mwenye kuni anauhitaji unga. Ikiwa patatokea maelezo mapya ya aya ya taa kwa Kiswahili, hapa ndipo pa kuyasikiliza kwanza, na si katika vyumba vya kamati.

Kamati zenyewe hazina budi kuamua, siku moja, kama wasomaji wa kaskazini waachiwe debe. Kiango chaweza kuondolewa bila hasara. Kinara, ambacho Habari Njema ilikiweka mahali pake, hakiumizi mtu. Debe ni gumu zaidi. Lina aibu ndani yake, na mfasiri mwenye huruma angependa kuwaondolea Waturkana aibu hiyo kwa kuandika “chombo” tu, neno lisilo na historia. Afadhali asifanye hivyo. Neno la asili lilikuwa kipimo cha chakula, na Lodwar ni miongoni mwa sehemu chache za dunia ya Kiswahili ambako mtu akisikia kwamba taa imefunikwa na kipimo cha chakula haulizi iliwezekanaje.